Kijidudu cha Kinywani na Madhara Yake Moyoni

Hapana Mwislamu aliyepita chuoni asiyejua habari ya mswaki. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kuwa, lau si kuchelea kuutia umma wake mashaka, angaliwaamrisha kupiga mswaki kila wanaposimama kusali. Na Bibi Aisha (R.A.) amehadithia habari ya siku ile ya mwisho ya uhai wa Mtume. Alikuwa ameegemea kifuani pake, mara akaingia nduguye Bibi Aisha, Abdurrahman, na mswaki mkononi. Mtume akautazama ule mswaki wala hakusema neno. Bibi Aisha akafahamu, akamwuliza kama autaka, naye akaashiria kwa kichwa. Akauchukua, akailainisha ncha yake, akampa. Naye akapiga mswaki vizuri kuliko alivyopata kumwona siku yoyote. Haukupita muda roho yake tukufu ikaondoka.

Hayo sote twayajua, na tumeyasikia tangu utotoni. Walakini ukiuliza katika majumba yetu mswaki ni wa nini, utajibiwa kwamba ni wa kuondoa harufu, au ni wa kuyafanya meno yawe meupe, na mwenye kujua zaidi atasema ni wa kuzuia meno yasioze. Yote hayo ni kweli. Lakini liko jambo jingine ambalo halitajwi sana barazani wala jikoni, nalo ni kwamba kinywa kichafu chaweza kumwua mtu kwa njia ya moyo wake. Jambo hilo ndilo tulilokusudia kulieleza katika kurasa hizi, na tunaomba wazazi walisome pamoja na vijana wao, khasa nyumba ile iliyo na mtoto aliyekwisha ambiwa na daktari kwamba moyo wake una kasoro.

WAKAZI WA KINYWANI

Kinywa cha mwanadamu ni mji. Ndani yake wamo vijidudu wasiohesabika, wadogo hata jicho haliwezi kuwaona, na hadi leo wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya aina 700 katika vinywa vya watu mbalimbali. Mtu wa kwanza kuwaona na kuandika habari zao alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa tabibu, wala hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na mikono stadi tu, akijichongea vioo vya kukuzia vitu. Mwezi Septemba mwaka 1683 aliwaandikia wataalamu wa Royal Society ya London kuwaeleza alivyochokoa utando mweupe uliokuwa baina ya meno yake, akauchanganya na maji safi, akautazama, na kumbe ulikuwa umejaa viumbe hai vinavyotembea. Na mtu huyu alikuwa akisugua meno yake kwa chumvi kila siku! Alikisia kwamba viumbe alivyokuwa navyo kinywani vilikuwa vingi kuliko watu wote wa nchi yake. Kisha akamtazama mzee mmoja ambaye hakupata kusafisha meno tangu azaliwe, na huko akakuta makubwa zaidi.

Yafaa tukumbuke kwamba miaka zaidi ya 600 kabla ya huyo Mholanzi, tabibu wetu mkubwa wa Andalusia, Abul-Qasim az-Zahrawi, alikwisha kuandika katika kitabu chake cha At-Tasrif habari ya ule ugaga mgumu unaoshika juu ya meno na jinsi unavyouharibu ufizi. Akachora picha za vyuma vya kuukwangulia, kila kimoja na umbo lake kwa mahali pake. Hakuwa na kioo cha kumwonyesha vijidudu, lakini alijua kwamba uchafu ule si wa kuachwa.

Basi katika vijidudu wote hao, wengi si adui zetu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani wakisikia neno kijidudu hudhani ni maradhi. Mwenyezi Mungu ameviumba viumbe hivyo kwa hikima yake, na wengi wao wanaishi nasi kwa amani tangu tunapozaliwa hata tunapokufa. Tutamchukua mmoja tu kuwa mfano, naye ndiye mwenye kisa chetu. Jina lake la kitaalamu ni Streptococcus sanguinis. Sisi hapa tutamwita Sangwini, ili tusiwachoshe wasomaji. Ni kijidudu wa mviringo, na upana wake ni kama sehemu moja katika sehemu 1000 za milimita. Hukaa kwa kufuatana mmoja nyuma ya mwenziwe, kama tasbihi iliyokatika uzi wake.

Mtoto mchanga asiye na meno bado hana Sangwini. Meno yakianza kuchomoza, naye huja, akashika juu ya jino jipya na kufanya maskani. Na kuja kwake ni kheri. Kwa kuwa yuko ndugu yake mwingine, aitwaye Streptococcus mutans, ambaye ndiye mharibifu wa meno. Huyo hula sukari akatoa tindikali, na tindikali ile ikalitoboa jino. Sangwini hutoa dawa yake, ile ile inayouzwa madukani kwa kuoshea vidonda, haidrojeni peroksaidi, na kwa dawa hiyo huwapunguza ndugu zake waharibifu. Imeonekana kwamba mtoto aliyewahiwa na Sangwini mapema, yule mharibifu huchelewa kupata mahali kinywani mwake. Kwa hiyo jirani huyu hutulindia mlango, wala hatutaki kumfukuza. Shida yake ni moja: hafai kuingia ndani ya nyumba.

JINSI ANAVYOINGIA

Ufizi ulio mzima umeshikamana na jino kama ukuta na kizingiti. Ukiachwa utando ukakaa siku nyingi, ufizi huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu kwa kuguswa kidogo. Ufizi utokao damu ni ukuta wenye nyufa: damu inapotoka, vijidudu nao huingia. Katika mwaka 1935 madaktari wawili wa Uingereza, Okell na Elliott, waliwapima damu watu 138 waliokuwa wameng'olewa meno, na katika zaidi ya nusu yao wakawakuta hao vijidudu wa kinywani wamekwisha kuingia katika damu mara tu baada ya jino kutoka. Lakini si lazima jino ling'olewe. Kwa mwenye ufizi mbovu, hata kutafuna chakula au kusugua meno hutosha kuwapitisha.

Msomaji asishtuke. Kwa mtu mwenye siha, vijidudu hao hawadumu katika damu. Askari wa mwili huwakamata, na katika dakika chache, au saa moja hivi, damu imekwisha safika wala mtu hakuhisi lolote. Sote yametupata hayo mara nyingi bila ya kujua.

Balaa huja pale Sangwini anapopita moyoni akakuta pa kushika. Moyo wa mwanadamu hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku moja, na ndani yake mna vilango vinne, viitwavyo vali, vinavyofunguka na kufungika ili damu iende mbele isirudi nyuma. Vali nzima ni laini kama hariri, na damu huteleza juu yake. Sangwini hapati pa kukamata. Lakini vali iliyokwisha kupata kovu ina mikwaruzo, na juu ya mikwaruzo ile huganda damu kidogo. Tena kumbukeni kwamba kazi ya Sangwini kinywani ni kushika. Amejaaliwa gundi ya kushikia juu ya jino linalopitwa na mate na chakula mchana kutwa, basi gundi ile ile humfaa kushika juu ya vali. Akisha kushika, huzaana. Damu huendelea kuganda juu yake ikawa kama blanketi la kumfunika, na askari wa mwili hawamfikii tena. Polepole hukua kishada kama kuvu ukutani. Kishada hicho huila vali hata ikavuja. Na moyo unapopiga, huweza kumeguka kipande kikachukuliwa na damu. Kikienda kwenye ubongo, mtu hupooza upande. Kikienda kwenye figo au wengu, huko nako huharibu.

Na huyo ndiye yule yule mlinzi wa meno ya mtoto! Jina lake lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya damu, kwa kuwa wataalamu wa Marekani waliompambanua mwaka 1946, White na Niven, walimjua kwa wagonjwa wa moyo kabla ya kumjua kwa upole wake kinywani. Twaona hakutendewa haki katika kupewa jina, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ugonjwa huu katika miaka iliyopita haukuwa na dawa. Daktari Schottmüller wa Ujerumani alikwisha kuvitambua vijidudu vya jamii hii mwaka 1903, akaviita vya kijani kwa rangi viiachayo katika damu ya kupimia. Lakini kukitambua kijidudu si kukishinda. Mashuhuri katika waliokufa kwa ugonjwa huu ni Gustav Mahler, mtungaji na kiongozi wa muziki, ambaye jina lake lilivuma Ulaya na Marekani. Mwaka 1907 aliambiwa kwamba vali ya moyo wake ni mbovu. Mapema mwaka 1911, akiwa New York, koo lilimwuma na homa ikamshika isimwache. Daktari Libman wa hospitali ya Mount Sinai akaagiza damu yake itolewe na kuoteshwa, na vijidudu wakaota. Mahler alitaka aelezwe kweli, akaelezwa. Akasafirishwa mpaka Paris, kisha Vienna, akafa huko tarehe 18 Mei 1911, naye ana umri wa miaka 50. Mali, madaktari mabingwa wa miji mitatu, na sifa zote alizokuwa nazo hazikumfaa kitu, kwa kuwa penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Fleming aliigundua mwaka 1928, na mwaka 1944 ndipo Daktari Leo Loewe wa Brooklyn alipotangaza kwamba wagonjwa 7 waliotibiwa mfululizo kwa penisilini wamepona maradhi ambayo hapo kwanza yalikuwa hukumu ya kifo.

NANI WA KUOGOPEWA ZAIDI

Sasa tuje kwetu. Katika nchi za Afrika Mashariki jambo hili lina uzito zaidi kuliko huko Ulaya, kwa sababu vali zenye makovu kwetu ni nyingi, na nyingi ni za watoto na vijana. Sababu yake ni homa ya baridi yabisi, ambayo madaktari huiita homa ya rumatiki. Mtoto wa baina ya miaka 5 na 15 huumwa na koo. Ni ndugu mwingine wa jamii ya Sangwini, aliye mkali, ndiye aliyemshika. Wazee humpa maji ya chumvi na asali, koo likapoa, mambo yakasahauliwa. Baada ya wiki mbili au tatu viungo huvimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu, na mwili katika kupigana na yule kijidudu wa koo huanza kuushambulia moyo wake wenyewe. Viungo hupona. Vali huenda isipone kamwe. Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu mwezi Mei mwaka 2018, na hospitali zetu za moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, zinawajua vyema watoto wa namna hii.

Pamoja na hao wamo waliozaliwa na kasoro ya moyo, waliokwisha kuwekewa vali ya kutengenezwa, na waliopata kuugua ugonjwa huu mara moja wakapona, kwani aliyeugua mara moja huwa karibu zaidi na kuugua tena.

Tuseme, kwa mfano, yuko binti wa miaka 14. Alipokuwa na miaka 9 aliugua viungo, akapelekwa hospitali, mama yake akaambiwa kwamba moyo una tatizo na mtoto awe akichomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4. Mwaka wa kwanza walikwenda. Mwaka wa pili walikwenda mara moja moja. Mtoto anacheza, anasoma, anakwenda madrasa, nani atamkumbusha sindano? Gego likaoza, shavu likavimba, akachukuliwa na shangazi yake kwenda kung'oa. Shangazi hakujua habari ya moyo, mama hakusema, binti mwenyewe hakuulizwa. Jino likatoka. Baada ya wiki kadha akaanza homa ndogo za jioni. Hapa pana neno moja ambalo lingalimfaa sana binti huyu, nalo ni maneno ya shangazi kwa mng'oa meno: “Mtoto huyu ana ugonjwa wa moyo.”

Basi twawaomba wazazi wafanye hivi. Mtoto mwenye kasoro ya moyo, jambo hilo liandikwe kwa wino mzito juu ya kadi yake ya kliniki, lijulikane na mama, baba, bibi, shangazi, mwalimu wa shule na mwalimu wa chuoni, na mtoto mwenyewe akifika umri wa kufahamu afundishwe kulisema. Watu wengine huficha, wakihofu kwamba binti hatapata mchumba. Sisi twaona kuficha huko ni dhulma kwa binti na kwa huyo mchumba pia, maana mimba nayo huuzidishia mzigo moyo wenye vali mbovu, na mwenye kujua mapema huweza kumwona daktari mapema.

Daktari wa meno akiisha kuambiwa, yeye na daktari wa moyo ndio watakaoamua kama mgonjwa apewe dawa kabla ya kung'olewa. Hapo zamani, tangu mwaka 1955, madaktari wa moyo wa Marekani walishauri watu wengi wenye kasoro za vali wapewe dawa hiyo. Mwaka 2007 wakapunguza, wakaibakisha kwa wale wenye hatari kubwa kabisa, kama wenye vali za kutengenezwa na waliopata kuugua kabla. Kuhusu wenye rumatiki rai za madaktari zinatofautiana kwa nchi na nchi. Na lipo jambo lisilojulikana na wengi: yule anayechomwa sindano za rumatiki kila mwezi asidhani kwamba sindano ile yatosha kwa kazi ya kung'oa jino. Vijidudu vya kinywani mwake huenda vimekwisha kuizoea penisilini, na daktari hupenda kumpa dawa ya jamii nyingine. Kwa hiyo ataje na sindano zake.

Ni kwa nini wale wa Marekani walipunguza dawa? Hapa ndipo ilipo faida kubwa. Walihesabu wakaona kwamba mtu hung'olewa jino mara moja katika miaka mingi, lakini hutafuna na kusugua meno kila siku; na kama ufizi wake ni mgonjwa, basi mlango u wazi kila siku ya mwaka. Kidonge cha siku moja kitafanya nini? Wakasema kwamba kuutunza ufizi uwe mzima siku zote kuna maana zaidi kuliko dawa ya siku ya kung'oa. Waliposema hivyo wataalamu wale, sisi tulikumbuka mswaki wa kila Sala.

VISU VINAVYOTIWA VINYWANI MWA WATOTO

Hatuwezi kuipita mada hii bila ya kutaja mambo mawili yanayotendeka hata leo katika baadhi ya majumba, na ya Waislamu yakiwamo. La kwanza ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa siku nyingi, husemwa kwamba kimeo chake ni kirefu, akapelekwa kwa mkataji, naye akakikata kwa chombo ambacho jana kilikuwa kinywani mwa mtoto mwingine. La pili ni kile kiitwacho meno ya plastiki. Mtoto mchanga huharisha na kushikwa na homa, bibi akatazama ufizi akaona weupe umetuna mahali yatakapoota machonge, akasema ndiyo maradhi yenyewe. Basi huchimbwa ufizi ule kwa kisu, au msumari, au hata spoki ya baiskeli, mpaka kitoke kitu cheupe na laini.

Kitu kile ni jino la mtoto ambalo halijakomaa. Si plastiki, wala si ugonjwa. Homa ile ni ya malaria au ya jambo jingine, na kuharisha kuna dawa yake ya maji ya chumvi na sukari ya vipimo, nayo ipo katika kila zahanati. Kwa kuchimba vile mtoto hufunguliwa kidonda ndani ya mji ule tulioueleza, na vijidudu wa kinywani pamoja na wale wa kisu huingia katika damu yake. Wako watoto waliokufa kwa kutoka damu, na wako waliokufa kwa damu kuingiwa na sumu au kwa pepopunda. Tunajua kwamba wafanyao hayo hufanya kwa huruma, wakitaka mtoto apone, na kwa hiyo hatuwatukani. Lakini Qurani Tukufu imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, na mtoto mchanga hana ulimi wa kukataa.

KUPIGA MSWAKI

Mti wa mswaki wenyewe, unaoota katika nchi kavu kuanzia Arabuni hata kwetu, ni chombo chema kabisa kwa anayejua kuutumia. Ukatwe mbichi au ulowekwe majini hata ulainike, ganda la ncha liondolewe, ncha itafunwe mpaka ifumuke kama brashi. Ncha ikichakaa ikatwe ifumuliwe nyingine. Tunawaona watu wenye mswaki mmoja mfukoni tangu Shaaban hata Shawal, umekuwa mgumu kama kijiti cha kuwashia moto, na huo huchubua ufizi badala ya kuusafisha. Usisuguliwe kwa nguvu. Upitishwe pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani, na magego ya nyuma yasisahauliwe, kwani huko mswaki wa kijiti hufika kwa shida. Atakayetumia brashi na dawa ya meno yenye floraidi amefanya vyema, na atakayetumia vyote viwili amefanya vyema zaidi. Watu wengine ufizi ukitoka damu huacha kusugua, wakidhani wanaupumzisha. Kinyume chake ndicho kinachotakiwa: waendelee kwa upole, na damu isipokoma katika wiki mbili waende kwa daktari wa meno akwangue ule ugaga ambao az-Zahrawi aliutengenezea vyuma.

Katika Ramadhani mambo yana sura nyingine. Wengi wetu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, na mashuhuri katika madhehebu hayo ni kwamba mwenye kufunga ni karaha kwake kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Wako wanavyuoni wengine wasioona karaha hiyo. Hatuna kusudi la kuingia katika hitilafu yao. Yatosha kusema kwamba hata mwenye kushika kauli ya karaha ana nafasi kubwa mbili, baada ya daku na kabla ya kulala, na bahati mbaya hizo ndizo zinazoachwa. Mtu hula daku ya uji mtamu na tende, akajitupa kitandani mpaka alfajiri. Usiku baada ya tarawehe hunywa chai ya maziwa na kaimati mpaka usingizi umchukue hapo hapo. Yule mharibifu wa meno hupata karamu mwezi mzima.

HOMA ISIYOKWISHA

Ugonjwa huu ukiwa ni wa Sangwini na jamaa zake, hauji kwa kishindo. Homa yake ni ndogo, huja jioni, hutoa jasho usiku, asubuhi mtu akaenda kazini. Hupungua mwili, chakula hakimpendezi, viungo vyamwuma, ngazi alizokuwa akipanda sasa zamtia pumzi. Wakati mwingine huonekana chini ya kucha vistari vyekundu kama vibanzi, au vidoa viumavyo kwenye ncha za vidole. Katika nchi zetu homa ya namna hii huitwa malaria, mgonjwa akanunua dawa dukani. Haikufaa, akaambiwa ni taifodi, akanunua nyingine. Hivyo hupita mwezi na miezi.

Dawa hizo za kubahatisha zina madhara mawili. Hazitoshi kukiua kijidudu kilichojifunika ndani ya kishada, lakini zatosha kukificha, hata damu ikija kupimwa kisionekane. Kwa hiyo mtu mwenye kasoro ya moyo aliyeshikwa na homa kwa zaidi ya wiki moja bila ya sababu kujulikana, asimeze dawa yoyote ya kuua vijidudu kabla ya kwenda hospitali kubwa inayoweza kuotesha damu. Huko watamtoa damu mara tatu mahali mbalimbali, waiweke wangoje kama itaota, na watautazama moyo wake kwa kile chombo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha vali zinavyofunguka na kufungika. Aombe wafanye hivyo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Ikithibitika, matibabu ni ya penisilini au dawa inayoshabihiana nayo, ya kuingizwa mshipani, na muda wake kwa kawaida ni wiki nne. Wengine vali imekwisha haribika hata huhitaji kupasuliwa. Wiki nne hospitalini ni nyingi, tunajua: kuna kazi, kuna watoto nyumbani, kuna gharama. Na homa mara nyingi hukoma katika wiki ya kwanza, mgonjwa akajiona mzima, akaomba ruhusa. Hapo ndipo jamaa wanapotakiwa kusimama, maana kijidudu kilichomo ndani ya kishada hufa polepole sana, na mwenye kutoka siku ya 10 huweza kurudi baada ya mwezi na vali iliyo mbovu zaidi. Ndugu wapangiane zamu za kumzuru, wengine wawatazame watoto wake, na anayekwenda na chakula amchukulie na mswaki mpya laini, kwa sababu wagonjwa wa vitanda virefu hupelekewa kila kitu isipokuwa huo.